Kurasa za Ndani

Siku Msemaji alipoleta nyumbani habari ya zabuni, dada yake alikuwa bado na mkasi mkononi. Magazeti yalikuwa yametandazwa juu ya meza ya kulia, mengine yametobolewa madirisha, mengine yakingoja zamu, na vipande vilivyokwisha kukatwa vimepangwa pembeni, kila kimoja kimeandikiwa jina la gazeti na ukurasa wake. Katika nyumba ile hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho watu walipokula kwenye meza hiyo. Watu walipakata sahani magotini. Meza ilikuwa ya magazeti.

Mtaa mzima ulimwita dada huyo Mama Magazeti, ingawa hakuwahi kuuza hata moja. Kazi yake ilikuwa kuyasoma. Kabla jua halijachomoza alikuwa ameshayapitia yote akitafuta mahali palipotajwa Shirika la Maji, na popote palipotajwa alikata. Mumewe, ambaye watu walimwita Fundi kwa kuwa alitengeneza redio tangu enzi ambazo redio zilikuwa bado zinatengenezwa, alikaa upande wa pili wa meza na redio zake, sikio huku na kalamu kule, akiandika yaliyosemwa na watu waliopiga simu kwenye vipindi vya asubuhi. Kisha mke aliandika muhtasari, akavipiga picha vile vipande kwa simu, akavituma ofisini kwa Shirika kabla milango haijafunguliwa. Maofisini kazi hiyo inaitwa ufuatiliaji wa vyombo vya habari. Nyumbani iliitwa kukata tu, na kukata ndiko kulikolipa pango na dawa za presha za Fundi, na zamani ndiko kulikolipa ada ya Msemaji.

Msemaji alikuwa mdogo wake wa kike wa mwisho, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Jina hilo alipewa angali mtoto, maana mdomo wake haukuwa na breki. Baadaye Shirika la Maji lilipomwajiri kwenye ofisi ya uhusiano wa umma, jina la utani likageuka kazi, na majirani wakacheka mpaka wakachoka. Lakini tangu aanze kulipwa ili aseme, nyumbani alikuwa hasemi sana.

"Dada, weka mkasi chini," alisema, bado amesimama mlangoni na mkoba begani.

"Kuna nini? Wamekufukuza?"

"Hapana. Kaa kwanza."

"Nimekaa, mwenzangu. Unataka nikae mara mbili?"

Msemaji hakucheka. Alivuta kiti, akakikuta kina magazeti, akabaki wima. "Kazi ya kukata inatangazwa. Shirika linaomba mapendekezo kutoka kwa kampuni zote zinazofanya kazi hii. Tangazo linatoka kesho magazetini."

Mama Magazeti alimtazama mumewe, kisha akatazama vipande vyake. "Basi kesho nitalikata mwenyewe," alisema. "Nani kaliandika?"

"Mimi."

Fundi aliinua kichwa. Redio moja ilikuwa ikiimba polepole na hakuna aliyeisikia.

"Sikuwa na la kufanya, dada. Mkurugenzi aliitwa kwa Waziri akaulizwa habari ya maji ya kahawia kule bondeni. Watoto wameharisha, wengine wamelazwa. Mkurugenzi akasema ndiyo kwanza anasikia. Waziri akamwonyesha magazeti. Yaliandika wiki nzima, dada. Aliporudi ofisini alikuwa anatetemeka. Akasema sisi ndio wenye maji na sisi ndio wa mwisho kujua." Alisita. "Nikafungua ripoti zenu za siku zile. Hamna kitu."

"Itakuwa ilikuwa habari ndogo," alisema Mama Magazeti. "Kurasa za ndani. Macho haya nayo siku hizi..."

"Ndivyo nilivyomwambia," alisema Msemaji. "Nilisema dada yangu amezeeka macho, si moyo."

Neno hilo lilimwingia Mama Magazeti mahali ambapo hakuwa na ngao. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Habari ya maji ya kahawia alikuwa ameiona siku ya kwanza, akaikata vizuri kwa kufuata mstari, kisha akaikunja na kuifunga kwenye pindo la kanga. Na siku ya pili vivyo hivyo. Fundi aliwaandika waliopiga simu redioni, na karatasi ya Fundi nayo ilifuata pindoni.

Hakufanya hivyo kwa uvivu wala kwa hongo. Mkurugenzi yule alikuwa na tabia ya kumshukia aliyemletea habari mbaya kana kwamba ndiye aliyeitenda. Mara ya kwanza Msemaji alipompelekea ripoti yenye habari ya bomba lililopasuka, alirushiwa karatasi usoni mbele ya madereva na wahudumu, akarudi nyumbani amevimba macho, akajifungia chumbani akakataa kula. Alikuwa mtu mzima, lakini kilio chake kilikuwa kile kile cha mtoto aliyemlilia mama asiyerudi. Tangu siku hiyo Mama Magazeti akaanza kuzichambua habari kama mtu achambuaye mchele, mawe pembeni. Hata redio ilifundishwa adabu: kila iliposikika sauti ya kulilaumu Shirika na Msemaji yumo ndani, mkono wa Fundi ulikwenda wenyewe kwenye kitufe na kupunguza sauti.

"Mtaomba?" aliuliza Msemaji.

"Tusipoomba tutakula nini? Gundi?"

"Basi sikiliza. Nimemwandikia Mkurugenzi kwamba ninyi ni ndugu zangu. Sikai kwenye kamati, sioni alama za mtu. Na kuanzia kesho mpaka mshindi apatikane, siruhusiwi kuzungumza na mzabuni yeyote juu ya kazi hii."

"Mzabuni ndiyo nani?"

"Ndiyo wewe, dada."

Nyaraka za zabuni alikwenda kuzichukua mwenyewe, akazisoma mezani kwa rula kama alivyosoma magazeti. Walitaka cheti cha kodi, walitaka akaunti ya benki yenye jina la kampuni, wasifu wa watumishi wa ngazi ya juu, na maelezo ya mfumo wa kielektroniki utakaotumika.

"Mtumishi wa ngazi ya juu ni nani hapa?" aliuliza Fundi.

"Wewe. Unakalia kiti kirefu."

"Na mfumo wa kielektroniki?"

"Zile redio zako si zinatumia umeme?"

Walicheka, kisha kicheko kikaishia njiani. Fundi alivua miwani akaipangusa kwa shati, jambo alilofanya kila alipotaka kusema neno zito. "Mwambie mdogo wako ukweli, mke wangu. Kabla hujaomba kazi, mwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba tumemfanya mjinga mbele ya bosi wake?"

"Hilo hilo."

"Mimi nilimkinga."

"Najua. Na mimi nilipunguza sauti. Sikusemi wewe peke yako."

Hakumwambia. Badala yake, jioni ile, Msemaji alipokuwa akiosha vyombo, alimfuata jikoni na karatasi ya zabuni mkononi. "Mdogo wangu, nikuulize kitu kidogo tu. Hapa wanaposema mfumo, ni lazima iwe kompyuta?"

Msemaji alifunga bomba. Povu lilikuwa limemfika kwenye viwiko. "Dada, uliza kwa maandishi. Ofisi ya ununuzi itawajibu wazabuni wote kwa pamoja."

"Wewe uko hapa mbele yangu na sahani yangu mkononi."

"Ndiyo. Uliza kwa maandishi."

Mama Magazeti alisimama pale akiitazama shingo ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimsuka nywele tangu hazijashikika. Alitaka kukasirika akashindwa, kwa sababu alijua ni yeye aliyemfundisha mtoto yule kutoiba hata kipande cha sukari. Aliandika swali. Aliuliza kama mzabuni anaruhusiwa kufanya kazi kwa mkono, akalipeleka na kuligongesha muhuri wa kupokelewa.

Majibu yalikuja kwa ujumbe wa simu, kwa wazabuni wote. Yalianza na "Ndugu Mzabuni", na chini kulikuwa na jina la Afisa Ununuzi, lakini Mama Magazeti aliijua sauti ya mdogo wake iliyokuwa ndani. "Njia ya kufanyia kazi si hoja," yalisema majibu. "Hoja ni kwamba kila habari inayolitaja Shirika itufikie, nzuri na mbaya, bila kuchaguliwa." Akaisoma sentensi hiyo, akaisoma tena. Ng'ambo ya ukuta Msemaji alikuwa akijikohoza, maana alikuwa na mafua.

Bibi Dobi alifika kuchukua nguo. Alifua na kupiga pasi kwa nyumba nyingi za mtaa ule, naye alikaa bondeni. Safari hii alikuja na furushi la wiki iliyopita, halijafuliwa.

"Nisamehe, Mama Magazeti. Nimezirudisha kama zilivyo. Nikifulia maji yale shuka jeupe linatoka rangi ya chai."

"Bado yanatoka hivyo?"

"Yanatoka hivyo, na yananuka. Nachota ya kunywa kwa watu, kule juu." Alikaa kwenye ngazi akashika magoti. "Mjukuu ametoka hospitali. Mzima, lakini amepungua. Nikimbeba naogopa."

Mama Magazeti alimletea glasi ya maji. Bibi Dobi aliiinua kwanza kwenye mwanga akaitazama, kisha ndipo akanywa, na aliyemletea akaona haya kana kwamba ametukanwa.

"Nilisema redioni, ulisikia?" aliendelea bibi. "Wakaja wale wa gazeti wakanipiga picha na ndoo yangu. Majirani wakataka kwenda kufanya fujo pale ofisini kwa Shirika. Nikawaambia tulieni jamani, msijitie matatani. Namfulia mama mmoja, kazi yake ndiyo kuwapelekea hao wakubwa kila kinachoandikwa. Yule atatufikishia. Yupo mtu wetu. Wakatulia." Alirudisha glasi. "Labda walisoma wakapuuza. Wakubwa ndivyo walivyo."

Alichoweza Mama Magazeti ni kuchukua furushi la nguo chafu, na kumlipa bibi ufuaji ambao haukufanyika. Bibi alikataa, akashikishwa mkononi kwa nguvu, akaondoka akimwombea baraka. Ile picha ya bibi na ndoo yake ilikuwa chini ya godoro pamoja na vipande vingine, maana Mama Magazeti hakuwa na moyo wa kutupa kitu alichokikata kwa mkono wake.

Msemaji aliporudi kutoka kazini alimkuta dada yake amesimama mlangoni mwa chumba chake.

"Nina jambo la kukwambia. Juu ya zile ripoti."

"Dada, hapana."

"Si swali. Ni jambo nililofanya."

"Lolote la ripoti ni la zabuni." Msemaji alikuwa na uso wa mtu aliyeshikilia mlango usifunguke kwa upepo. "Ukiniambia, itanipasa niandike ofisini kwamba nimezungumza na mzabuni. Wataondoa jina lenu. Ofisini wananitazama vibaya tayari, wanasema nimeitengeneza zabuni iwe yenu. Nakuomba. Usiniponze, usijiponze. Likiisha utaniambia yote."

Aliingia akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza. Mama Magazeti alibaki barazani amekabwa na dhambi isiyokuwa na pa kutuliwa.

Siku ya majaribio Fundi alivaa koti lake la harusi, ambalo sasa lilifungika kifungo cha juu tu. Wazabuni wote waliitwa kwenye ofisi za Shirika, kila mmoja afanye kazi palepale: apewe magazeti ya siku hiyo na sauti za redio zilizorekodiwa, atoe ripoti mbele ya kamati.

Balaa lilianzia getini. Mlinzi alipekua mkoba akatoa mkasi.

"Hiki kifaa cha ncha kali hakiingii, mama."

"Baba, hii ndiyo kazi yenyewe niliyoitiwa."

"Utaukuta hapa ukitoka."

Mapokezini, msichana aliyekuwa akipaka rangi ya kucha hakuinua macho. "Magazeti acha hapo juu ya meza, mama. Bili peleka uhasibu."

"Sikuleta magazeti, mwanangu. Nimekuja kwenye zabuni."

Msichana akainua macho sasa, akamtazama tangu kanga mpaka kandambili, kisha akalitazama koti la Fundi. "Ooh," alisema, akawaonyesha ngazi.

Ukumbini walikuwemo vijana wa kampuni mbili, wamevaa suti, kompyuta zimefunguliwa mbele yao, nyaya zimetambaa mpaka ukutani. Walisalimia kwa heshima, mmoja akampisha Fundi kiti. Hawakuwa watu wabaya. Afisa Ununuzi, mtu mwembamba aliyezungumza kana kwamba anasoma, aligawa magazeti akaeleza masharti, akatoka. Vijana wakaanza kupiga picha kurasa na kubofya. Mama Magazeti alitandaza gazeti lake kwenye kimeza cha kuandikia, likaning'inia pande zote. Kwa kuwa hakuwa na mkasi aliweka rula juu ya mstari akachana. Karatasi ilitoa mlio, vichwa vikageuka. Akachana tena, taratibu zaidi, na mlio ukawa mrefu zaidi.

Alipofungua gazeti la pili, kurasa za ndani, alimkuta mdogo wake.

Ilikuwa picha ya zamani kidogo, Msemaji akiwa mbele ya vipaza sauti. Juu yake kichwa cha habari kiliuliza kwa nini Shirika la Maji bado linamlipa mtu anayedanganya. Mwandishi alieleza kwamba katika zile siku za maji ya kahawia, wakati watoto wa bondeni wamelazwa, msemaji huyu alisimama mbele ya waandishi akasema, "Hatujapokea malalamiko yoyote." Wananchi waliohojiwa walitaka afukuzwe. Mmoja alimwita muuaji.

Mama Magazeti aliikumbuka siku ile. Msemaji alikuwa ametoka asubuhi amevaa gauni la bluu, akapitia mezani, akauliza, "Dada, kuna lolote leo?" Naye akamjibu, bila hata kuinua kichwa, "Shwari, mwanangu. Nenda."

Fundi aliondoa vifaa vya kusikilizia masikioni, akasoma begani kwake. Alisoma mpaka mwisho.

"Wale wataiweka," alinong'ona, akionyesha vijana kwa kidevu. "Ukiitoa, haitamsaidia. Itatuondoa sisi tu."

"Najua."

"Na ukiiweka hivi hivi ilivyo, inammaliza yeye."

"Najua, mume wangu. Nina macho."

Alishika rula, akaiweka kwenye ukingo wa habari, akachana. Hakupatia vizuri, pembe ilikwenda upogo ikakata kidogo bega la Msemaji pichani. Akaibandika juu kabisa, ya kwanza. Kisha akaichukua kalamu. Kwa siku nyingi alikuwa ametafuta mtu wa kumwambia, akaambiwa asubiri, akaambiwa aandike. Basi akaandika, kwa mwandiko ule ule wa muhtasari uliojulikana na ofisi ile miaka yote:

"Habari hii ni mbaya na imekosea. Msemaji hakudanganya. Malalamiko yalikuwepo magazetini na redioni, ila hayakumfikia. Tuliyaondoa sisi tunaomletea. Niliyakata mimi kwa mkono wangu nikayaficha. Ninayo yote."

Alimpa Fundi asome. Fundi alichukua kalamu, akafuta "mimi", akaandika juu yake "sisi".

Kamati iliwaita mwisho. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa amekaa katikati, mtu mnene mwenye sauti ndogo, na kabla ya wao kuketi alikuwa tayari na karatasi yao mkononi. Alisoma, akampa Afisa Ununuzi, ambaye naye alisoma, akavua miwani, akavaa tena.

"Hii ni sehemu ya ripoti?" aliuliza Afisa Ununuzi.

"Ndiyo, baba. Mmesema kila habari inayolitaja Shirika, nzuri na mbaya."

"Kwa nini?" Mkurugenzi aliuliza. Uso wake ulikuwa umeiva. "Shirika limewalipa miaka yote hii. Nimesimama mbele ya Waziri kama mtoto wa shule. Kwa nini mlifanya hivi?"

Mama Magazeti alikuwa ameazimia kusema tu kwamba amekosa. Lakini alitazama mikono ya yule bwana juu ya meza, akaona ni mikono ya kawaida, na akajibu alivyoulizwa. "Kwa sababu kila tulipoleta habari mbaya, mdogo wangu alirudi nyumbani akilia. Nikasema atalia mpaka lini. Nikakosea. Kuna mtoto wa watu alilazwa hospitali."

Wajumbe walitazamana, maana tabia hiyo ya Mkurugenzi waliijua. Mjumbe mmoja alipanga karatasi zilizokuwa zimepangwa. Mkurugenzi alitazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu ila ukuta wa jengo la pili.

"Asanteni," alisema Afisa Ununuzi. "Mnaweza kwenda. Majibu ya zabuni mtayapata... mtayapata kwa maandishi."

Getini walirudishiwa mkasi. Fundi aliubeba, kwa kuwa mkewe alikuwa ameshika tama huku anatembea, kitu ambacho hakijawahi kuonekana mtaani kwao.

Barua ilisema zabuni yao haikufaulu na mkataba wa zamani umesitishwa. Ilianza na "Ndugu Mzabuni". Ilifika mchana, na jioni yote Msemaji hakutoka chumbani.

Kesho yake asubuhi Mama Magazeti aliamka kwa mazoea, akakaa mezani. Meza ilikuwa tupu, nayo ikaonekana kubwa kuliko alivyoidhania. Fundi alikaa upande wake, redio moja ikizungumza kwa sauti ya kati, kwa kuwa hakujua kuishi bila kusikiliza. Zile habari za maji ya kahawia, na ile picha ya bibi na ndoo, zilikuwa zimetolewa chini ya godoro na kupelekwa ofisini, zote.

Msemaji alitoka amevaa gauni la kazini. Alivuta kiti, akakaa. Kilikuwa hakina magazeti.

"Wameniacha kazini," alisema. "Nitawaomba watu wa bondeni radhi, kwa mdomo wangu, mbele ya vipaza sauti vile vile. Afisa Ununuzi aliniita akanipa karatasi yako niisome. Akasema sasa ninaweza kuzungumza na wewe, kwa kuwa si mzabuni tena."

"Basi zungumza."

"Nilikuuliza, dada. Asubuhi ile. Nilisimama hapa nikakuuliza kama kuna lolote."

"Uliniuliza."

"Ukanitazama gauni, hukunitazama uso." "Umenifanya nikawaambia watu wenye watoto hospitali kwamba hawajalalamika."

"Sikutaka ulie, mama."

"Ningelia!" Msemaji alipiga meza kwa kiganja, na Fundi akashtuka. "Ningelia, dada. Ningekuja hapa nikalia mpaka nikalala. Halafu maji yangesafishwa."

Machozi yalimtoka Mama Magazeti, naye hakuyafuta. Aliona si haki yake kuyaficha tena. Msemaji alimtazama bila kumgusa. Hakuwa amesamehe. Alikuwa amekaa tu, hakuondoka, na kwa asubuhi ile hicho ndicho alichokuwa nacho cha kutoa.

Redioni kipindi cha wapiga simu kilikuwa kimeanza. Mtangazaji alimkaribisha mama kutoka bondeni, na sauti ya Bibi Dobi ikaingia chumbani, kavu na yenye haraka, kama ya mtu anayeogopa salio kumwishia. "Nataka hao wa Shirika la Maji wanisikie," alianza.

Mkono wa Fundi ulikwenda wenyewe kwenye kitufe.

"Mume wangu," alisema Mama Magazeti. "Ongeza sauti."